Mzee Klachi Aondoa Klachi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliyatukana magari ya otomatiki kwa miaka thelathini bila kupumzika hata siku za sikukuu. Kwa maneno yake, hilo ni gari la mtu anayetaka kubebwa. Mteja akiingia nalo uani kwetu, shemeji hakuinua hata kichwa, alinyoosha mkono wenye grisi kuelekea barabara ya nyuma na kusema, "Peleka kwa Oto." Oto ni fundi wa barabara hiyo ya nyuma, mtu mpole wa miwani, ambaye kazi yake ni giaboksi za otomatiki tu. Shemeji alimwita daktari wa uji, kwa kuwa giaboksi hizo hufanya kazi kwa mafuta mekundu mengi yanayozunguka ndani yake, na kwa shemeji fundi wa kweli hushika chuma, hakorogi uji.

Yeye mwenyewe anaitwa Mzee Klachi. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara moja tu, siku ya ndoa yao, na hata siku hiyo kuna wageni walioulizana ni nani anayeoa. La Klachi alilipata kwa haki. Ukimletea gari la gia za mkono hakuulizi lina nini. Anaingia, anakanyaga klachi mara tatu, anaachia polepole akiwa amefumba macho, kisha anashuka na kukuambia sahani ya klachi imebaki kiasi gani na dereva wako ana tabia gani. Kuna madereva waliofukuzwa kazi kwa ushahidi wa goti la shemeji yangu.

Mimi ni fundi wa viti. Chumba changu ni cha mwisho katika ua huohuo, cha mabati, chenye cherehani ya kushonea ngozi na marobota ya sponji mpaka darini, na dirisha langu linatazama shimo lake la kazi. Kwa hiyo haya nayasimulia kwa macho yangu. Nina mdomo, sikatai. Nitakaposema nilimfokea shemeji, mjue nilimfokea kweli.

Dada yangu aliendesha teksi miaka ishirini na miwili, gari lilelile moja, la milango minne, rangi ya maziwa, boneti ndefu, mkono wa gia kwenye usukani, la aina ambayo siku hizi vijana husimama kando yake wapigwe picha. Alilinunua likiwa tayari lina umri, akalitunza kuliko alivyonitunza mimi mdogo wake. Alijuana na shemeji kwa sababu ya klachi. Alilileta gari klachi ikiteleza, shemeji akakanyaga mara tatu akafumba macho, akasema dereva wa gari hili ana tabia ya kupumzisha mguu juu ya klachi. Dada akamwambia dereva ni yeye, na mguu wake haujawahi kupumzika popote tangu azaliwe. Giaboksi ikashushwa, ikaonekana mafuta yanavuja kutoka kwenye injini na kulowesha sahani. Shemeji hakusema amekosea. Alisema gari lirudi baada ya wiki likaguliwe, na liliendelea kurudi kila wiki mpaka wakaoana.

Mwaka jana dada alipatwa na kiharusi. Alikuwa anaanika nguo asubuhi, akaona kamba inaondoka, kumbe ni yeye anayeanguka. Katika wiki hiyohiyo binti yao, anayeishi mji mwingine mwendo wa saa tatu kwa barabara kuu, alijifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji. Mama hospitali moja, binti hospitali nyingine, na shemeji katikati na simu mbili mfukoni. Sijui alilala wapi siku zile.

Mkono wa dada ulirudi. Maneno yalirudi, na mengine yalirudi makali zaidi. Mguu wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Alitembea kwa fimbo, akiuvuta. Binti akasema atamleta mtoto akipata nguvu. Dada akakataa. "Mtoto mchanga asisafirishwe kuja kumtazama mgonjwa," alisema. "Bibi ni mimi. Wa kwenda ni mimi."

Tukamkodia gari. Dereva alikuwa mtu mwema, mwenye mwili, akamwona dada anahangaika mlangoni na fimbo yake, akamnyanyua mikononi bila kumuuliza ili amwingize kiti cha nyuma. Dada hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Niweke chini." Akawekwa chini. Akageuka akarudi ndani, hatua kwa hatua, nasi tukamfuata kama watu wa msiba.

"Siingii kwa mkwe wangu nimebebwa," alituambia sebuleni. "Nimewabeba watu miaka ishirini na miwili. Nitakwenda kumwona mjukuu wangu nikiendesha mwenyewe, au nitamtazama kwenye picha."

Daktari aliulizwa. Akampima macho, akampima mikono, akamwuliza maswali ya akili mpaka dada akamwuliza na yeye ya kwake. Jibu lake likawa hivi: kuendesha anaweza, na barua ya leseni ataandika, lakini si gari la klachi. Mguu ule wa kushoto utamsaidia kusimama na kutembea kidogo, basi. Klachi asahau.

Siku ya tatu baada ya kutoka kwa daktari nilimwona shemeji amelala chini ya gari la dada na futi ya chuma, anapima, anatoka, anaandika kwenye kiganja, anaingia tena. Mwishoni akaja mlangoni kwangu.

"Shemeji, mtu akitoa giaboksi ya mkono akaweka ile nyingine, kiti cha dereva kitabidi kisogezwe?"

"Ipi nyingine?"

"Ile."

"Ile ipi?"

Akatazama nyuma yake kana kwamba barabara nzima inasikiliza. "Ile ya kina Oto."

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Nikamwambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na sasa uchungu ndio huu umeanza. Akanisubiri nimalize kucheka, akauliza tena kuhusu kiti. Hapo nikaacha mzaha, maana niliona mtu huyu ameshaamua, na uamuzi wenyewe umemgharimu.

Akatafuta giaboksi kwenye uwanja wa magari yaliyokatwa, akaipata chini ya pikapu iliyopinduka. Hakutaka ile ya kawaida ya gia tatu. Alitaka yenye gia nne, ambayo ile ya nne ni ya barabara kuu, wanaiita ovadraivu: gari linakwenda kasi ileile lakini injini inazunguka polepole, hailii. Tangu augue, dada alikuwa havumilii mlio mrefu, kichwa kilimgonga. Saa tatu za injini inayopiga kelele zingemshinda, na shemeji alilifikiria hilo kabla ya yeyote kati yetu.

Kwa Oto hakwenda. Nilimuuliza, akajibu kwamba chuma ni chuma. Alipata kitabu cha maelekezo kilichokosa jalada, akakiweka juu ya pipa, akakisoma kwa kidole.

Kazi ilikula wiki saba. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu na nene kuliko ya zamani, haikutaka kuingia. Ikabidi nundu ya sakafu ya gari ikatwe na kuchomelewa upya. Chuma kinachobeba giaboksi kilirudishwa nyuma. Propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, likapelekwa kwa mkereza vyuma likafupishwa, likarudi fupi mno kwa upana wa vidole viwili, likatafutwa jingine. Akachomoa klachi yote. Mahali pake akaweka konvata, dude zito la mviringo linalojaa mafuta, na alipolibeba kifuani kutoka mlangoni mpaka shimoni nilimwona analichukia kwa moyo wote. Akatoboa njia za mabomba mpaka kwenye rejeta ili mafuta yapoe. Nami nilishona kiti upya, nikainua upande wa kushoto kidogo ili nyonga ya dada isizame, na nikakijaribu mwenyewe kwa kukikalia siku nzima nikishona.

Kanyagio la klachi alilitoa mwisho. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, pale soli ya kiatu cha dada ilipokuwa ikikanyaga. Alilitazama kwa muda, akalitia kwenye boksi la vyuma chakavu, akaendelea na kazi.

Katika giaboksi za namna hii kuna waya mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Kazi yake ni kuiambia giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, ili nayo ijue ijikaze kiasi gani. Haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilichoona ni shemeji ameinama juu ya injini, anapima ulegevu wa waya kwa kidole chake. Klachi hupewa nafasi. Upana wa kidole kimoja, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha mafundi wote waliopita mikononi mwake, kwa kuwa klachi isiyo na nafasi huunguza sahani. Mkono wake ukafanya kile ulichokwisha kufanya mara elfu nyingi. Akaupa waya upana wa kidole, akakaza nati, akapangusa mikono.

Jumamosi asubuhi dada akaja. Alivaa viatu vyake vya kazi, vile vyeusi visivyo na kamba, na kiremba alichokuwa akikivaa enzi za teksi. Akaketi, akaweka fimbo pembeni, akashika usukani, akakaa hivyo bila kuwasha. Shemeji aliingia kushoto kwake, mimi nyuma. Mjukuu wakati huo alikuwa na miezi minane kasoro, anakaa, ana meno mawili, na yote hayo dada aliyajua kwa simu.

Tulizunguka barabara za nyuma ya maghala. Kwa muda wa robo saa nilimpata tena dada yangu. Alikata kona kwa mkono mmoja. Alimkaripia mwendesha baiskeli. Alimwuliza shemeji kwa nini amenyamaza, au anaogopa kuendeshwa na mwanamke, na shemeji akasema yeye ameolewa na teksi, ameshazoea. Tulicheka wote watatu.

Kisha tukaufikia mlima ule mfupi wa kuelekea tangi la maji. Dada akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari halikwenda. Akakanyaga zaidi, ikanguruma zaidi, na harufu ya kitu kilichoungua ikapanda kutoka sakafuni. Gari likasimama katikati ya mlima, likaanza kurudi nyuma kidogokidogo, dada akakanyaga breki.

"Ni mimi," alisema.

Akavuta breki ya mkono.

"Nimekanyaga vibaya. Sijui tena nguvu za miguu yangu. Ni mimi nimeliharibu."

Shemeji alikwisha kushuka na kufungua boneti. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi dirishani alisema neno moja, "Tutaangalia," na tukavutwa na gari la jirani mpaka uani, dada akiwa bado ameshika usukani ambao haukuwa ukimpeleka popote.

Jumapili shemeji alimwaga mafuta ya giaboksi. Badala ya mekundu yalitoka meusi, na ndani yake mna vipande vidogo kama majani ya chai. Nilikuwa nimekuja kuchukua kitambaa nilichokisahau. Nilimwona anakwenda kwenye kitabu, anafunua, anasoma, anarudia kusoma. Kisha akakaa juu ya debe. Nilidhani amechoka.

Siku zilizofuata dada aliniumiza roho. Hakulia, angelia ningejua la kufanya. Alitoa vile viatu vyeusi akampa jirani. Alimpigia binti yake akamwambia atume picha za mtoto kila anapopata nafasi, kubwa, zinazoonyesha uso vizuri. Aliacha mazoezi aliyopewa hospitali, na nilipomuuliza akanijibu kwamba huwezi kumfundisha mbuzi wa mwenzio. "Huu mguu si wangu," alisema, "na sasa naona hata ule mwingine unanisengenya." Akaniagiza niulizeulize kwa wateja wangu nani anataka gari la zamani. Shemeji alikuwepo pale mezani, anakula. Hakuinua macho kwenye sahani.

Jumanne ya wiki ya pili nilikwenda shimoni kuazima koleo. Shemeji hakuwepo, kitabu kilikuwa wazi juu ya pipa. Mstari mmoja ulikuwa mweusi kwa alama za kidole gumba, umesuguliwa mpaka karatasi imeanza kutoboka. Nikausoma. Ulisema waya wa kabureta usiachiwe ulegevu wowote, hata kidogo. Ukiachiwa, giaboksi haitapata nguvu ya kujikaza, itateleza na kuungua ndani ya safari moja.

Alipotokea nilikuwa bado nimekishika.

"Shemeji, ule waya uliuachia kiasi gani?"

Akatazama kitabu, akanitazama mimi. Akainua kidole kimoja.

"Na umejua tangu lini?"

"Jumapili ile."

Nilimfokea. Siwezi kuyaandika yote, na mengine hayafai. Nilimwambia mke wake anagawa viatu. Nilimwambia anakaa mezani anameza chakula huku mwenzake anaulaani mwili wake mwenyewe kwa kosa la kidole cha mtu mwingine. Nilimwambia mficha uchi hazai, na kama anadhani jina la Klachi ni kubwa kuliko dada yangu basi alikosea siku ya kuoa. Wachomeleaji wa jirani walizima mashine zao wasikie vizuri.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unadhani naficha jina."

"Unaficha nini kama si jina?"

"Miaka yote hii namwambia gari liko sawa, anawasha anaondoka. Haangalii mafuta. Haangalii maji. Neno langu tu." Akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Akijua ni mimi niliyemsimamisha pale mlimani, ataniamini vipi apande tena? Na asipopanda, atamwona vipi yule mtoto? Mimi sina kitu kingine cha kumpa, shemeji. Sijui kitu kingine."

Hasira yangu ilipungua, nakiri. Lakini haikuisha. "Sasa hivi yeye hauamini mguu wake," nilimwambia. "Kwa hiyo chagua wewe. Asikuamini wewe, au asijiamini mwenyewe."

Alinawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha akaondoka bila kufunga boksi la spana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi nikafunga chumba changu nikamfuata. Sikualikwa, lakini ni dada yangu.

Dada alikuwa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo. Shemeji alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Haukuwa mguu wako," alisema.

"Nini?"

"Pale mlimani. Ni waya. Niliuachia nafasi kama wa klachi, na haukutaka nafasi. Ungekanyaga vyovyote, hata angekuwa dereva mwingine, ingeungua tu. Wewe hukukosea kitu. Nimekosea mimi."

Dada aliendelea kuchambua. Punje tatu, nne. "Umejua lini?"

"Jumapili. Kesho yake."

"Leo Jumanne."

"Ndiyo."

"Siku tisa." Aliusukuma ungo kando. "Siku tisa nimelala na huu mguu kitanda kimoja nikiutukana, na wewe uko upande wa pili unanisikia."

Dada akachukua fimbo, akainuka. Shemeji akadhani atapigwa na hakusogea. Mimi, Mungu anisamehe, nilisubiri kwa hamu. Dada akapita mbele yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukasimama tukiutazama ule mlango. Baada ya muda sauti yake ikatoka ndani.

"Nenda kwa Oto."

Alikwenda siku hiyohiyo, giaboksi ikiwa kwenye mkokoteni, mimi nikisukuma kwa nyuma. Karakana ya Oto ni safi kiasi cha kukutia aibu: meza ya bati, sinia zimepangwa, kila kipande na mahali pake. Oto alitupokea kwa mikono miwili, "Karibu mzee," kama vile alikuwa akimtegemea tangu juzi. Shemeji akaanza hotuba. Oto akamkata katikati kwa upole.

"Waya, siyo? Uliuachia kidole?"

Shemeji akaitikia kwa kichwa.

"Watu wa klachi wote mnafanya hivyo. Mwalimu wangu naye alianzia klachi, akaunguza tatu kabla ya kuelewa." Akavuta kigoda. "Kaa hapa, mzee. Tuifungue pamoja."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Siku nne Mzee Klachi alikaa kwenye kigoda cha daktari wa uji, akiosha visahani vyembamba vilivyoungua, akivipanga kwa zamu, akiuliza maswali. Siku ya pili nilipopita kuwapelekea chai nilimsikia anauliza swali ambalo lilimfanya Oto avue miwani na kufikiri, na nikajua sasa anafurahia, ingawa angekufa kabla ya kukubali. Kuhusu yale matusi ya miaka mingi, Oto alisema jambo moja tu: kwamba hata mke wake nyumbani ameanza kumwita daktari wa uji, na hilo angeomba likome.

Dada alirudia mazoezi yake. Viatu vilirudishwa na jirani vikiwa vimepakwa rangi. Na shemeji hakuzungumzishwa zaidi ya "chakula kiko tayari" na "zima taa."

Gari likafungwa upya. Oto alikuja mwenyewe kuukaza ule waya, akaweka kipimo, akamwachia shemeji amalizie robo ya mwisho ya nati. Wakaujaribu mlima wa tangi la maji mara sita, mara mbili wakiwa wamepakia mifuko ya saruji.

Alhamisi saa mbili asubuhi dada alifika uani na mkoba wake wa safari. Shemeji alikuwa tayari. Amenyoa, amevaa shati la kanisani, amekaa kiti cha abiria na boksi la spana mapajani, chupa ya maji miguuni, mafuta mekundu ya akiba kwenye buti. Dada akaingia, akauzunguka ua mara moja, akarudi kinyumenyume, akauzunguka tena. Akasimamisha gari getini.

"Shuka," alimwambia.

"Nishuke wapi?"

"Hapa."

"Mama, ni saa tatu za njia. Kukitokea kitu?"

Dada alimtazama kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne. "Gari liko sawa?"

Shemeji alitazama boneti. Alitazama mikono yake. Nadhani aliipitia kila nati kichwani, moja moja, kabla hajafungua mdomo.

"Liko sawa," alisema.

"Basi shuka. Uliniacha siku tisa na huu mguu. Niachie saa tatu niwe nao tukipatana."

Akashuka. Boksi la spana likashuka naye. Dada alitia gia, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaingia barabarani taratibu, na gari refu la rangi ya maziwa likapotea nyuma ya lori la mchanga.

Asubuhi hiyo shemeji hakufanya kazi. Alikuja kukaa chumbani kwangu juu ya robota la sponji, simu ameiweka kwenye meza yangu ya kukatia, katikati ya ngozi ya mteja, na sikumwambia aiondoe. Saa nne aliniuliza kama kuna mahali pa mteremko mkali njiani. Saa tano akaniuliza tena. Wateja wangu wawili waliokuja kuchagua rangi walikaa nao wakasubiri, bila kujua vizuri wanasubiri nini.

Saa tano na dakika ishirini simu ikalia. Ilikuwa binti yake. Shemeji akaweka sauti ya nje.

"Baba, mama amefika."

"Yuko mzima?"

"Mzima. Lakini hataki kushuka."

Shemeji akasimama. "Gari lina nini?"

"Gari halina kitu, baba. Amesimama getini. Anasema yeye ndiye dereva, hashuki kwanza. Anasema mtoto aletwe hapo hapo kwenye usukani." Binti alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nimempa. Amempakata. Sasa amemshika mkono, anamwonyesha, sijui anamwonyesha... subiri, sikiliza mwenyewe."

Tukasikiliza wote wanne. Kwanza kulikuwa na upepo, kisha sauti ya dada ikisema maneno ya chini ambayo hayakuwa yetu. Halafu honi ikalia, mara moja, fupi, na mtoto akapiga ukelele wa furaha, na honi ikalia tena ndefu.

Shemeji alilia palepale mbele ya wateja wangu, ameshika ukingo wa meza, na sikumtania.